Pasi Tatu za Mama Mapazia

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka bila joto, na barabara ikabaki inang'aa kama sakafu iliyopigwa deki.

Ninaanza hivi kwa sababu mwalimu wetu wa masomo ya jioni husema kwamba mtu asiyejua aanzie wapi aanze na siku na hali ya hewa, mengine yatafuata yenyewe. Siku hiyo mengine hayakufuata. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa mtaa, nimevaa shati langu moja la sherehe na mazishi, nikimsubiri wakili, na sikujua hata nitaanza kumwambia nini.

Mke wangu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia kwa sababu ya kazi yake. Ukipita mitaa ya jirani na kutazama madirishani, nusu ya ulichokiona kilitoka mikononi mwake. Nyumba tuliyokaa ilikuwa yake. Aliijenga kwa cherehani kabla hajanijua. Mimi niliingia humo mara ya kwanza kama fundi bomba, kuziba koki ya jikoni iliyokuwa ikivuja, na binti yake, ambaye bado alikuwa anang'oka meno, alisimama mlangoni akinikagua nisije nikaondoka na sabuni. Niliporudi mara ya pili koki ilikuwa haina tatizo lolote. Mara ya tatu sikubeba hata spana. Binti aliniita Fundi siku ile ya kwanza, na mpaka leo, mtu mzima, mkunga katika hospitali ya mji mwingine, ananiita Fundi. Sijawahi kulalamika. Kuna watu wanaitwa majina mabaya zaidi nyumbani kwao.

Kilichonipeleka kwa wakili ni simu yake. Alipiga jioni moja, sauti imekauka.

"Fundi, cherehani ya mama iko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Akasema mama yake mdogo alipita nyumbani akakuta sebule tupu, hata saa ya ukutani haipo. Akaniambia nisiuze kitu kingine. Akasema kuna wakili wa msaada wa bure anayekaa kwenye ukumbi wa mtaa kila Alhamisi, niende nikamsikilize, maana yeye mwenyewe yuko njiani kwenda mahakamani kuweka pingamizi. Simu ikakatika.

Nilibaki nimeishika sikioni kama mtu anayesubiri wimbo uanze. Kitu kingine? Kwani cha kwanza nilichouza ni kipi? Na pingamizi la nini, wakati mimi sijaomba chochote kwa mtu yeyote ila kwa Mungu?

Sina ndugu aliyebaki, wala mtoto mwingine. Usiku ule nilipiga magoti nikasema jambo moja tu, kwamba binti akiamini nimemwibia mama yake, nitakuwa sina mtu duniani. Baada ya hapo maneno yaliisha.

Wakili alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Meza yake ilikuwa ile ya vijana ya kuchezea mpira wa meza, na wavu ulikuwa bado umefungwa katikati. Yeye na makaratasi yake walikuwa upande mmoja, mimi na kofia yangu upande wa pili, na kila aliponiuliza swali nilihisi kwamba nimekosa mpira.

Aliuliza kama marehemu aliacha wosia. Hakuacha. Watoto ni wangapi? Ni huyo binti tu. Akanieleza polepole kwamba mtu akifariki, mali yake haiwezi kuguswa wala kugawiwa mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kwamba mimi kama mume naweza kuomba. Kwamba tangazo litabandikwa ili mwenye neno aseme. Na kwamba binti amekwisha kusema neno lake. Katika kila maneno matatu nilishika moja, na lile moja nililishika vibaya.

Nikamwambia sitaki usimamizi, mimi sitaki mali, nataka amani.

Akasema msimamizi si mmiliki.

"Kwa hiyo nikiwa msimamizi nyumba haiwi yangu?"

"Haiwi."

"Na nisipokuwa msimamizi?"

"Hapo pia haiwi."

"Basi mama, sasa hivi nyumba ni ya nani?"

Akapenga kamasi. Akasema kwamba mimi na binti sote ni warithi, lakini fungu la kila mmoja litajulikana mbele ya safari, na kwa leo nyumba ni mali ya marehemu. Nilishangaa sana. Nilimzika mimi mwenyewe kwa mikono hii, kumbe bado ana nyumba, na mimi ndiye niliyelala ndani yake kama mgeni asiyeaga.

Kisha akachukua kalamu na kuniuliza ndani mna nini. Nikasema hamna kitu. Akauliza, hata kiti? Nikasema hata kiti. Akaweka kalamu chini, na hapo ikabidi nieleze.

Sisi tuna kikundi cha sala. Kiongozi wetu ni mama mmoja anayeitwa Dada Mkubwa. Nimemzidi umri, lakini hakuna anayethubutu kumkumbusha. Alimpenda mke wangu kama pacha wake. Wakati wa msiba aliwakusanya wenzetu uani akawaambia kwamba ndugu wa marehemu watakuja na lori wakombe nyumba mpaka misumari, ameyaona hayo kwa wajane wengi, na safari hii hatakubali. Kila mmoja abebe kitu kimoja akakitunze kwake mpaka mambo yatulie. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro, naitikia kila kitu. Waliniuliza kama nimekunywa maji, nikasema ndiyo. Waliniuliza kama wachukue kabati, nikasema ndiyo. Nilipoinua kichwa, sebule ilikuwa tupu hata kikohozi changu kiliitikiwa na ukuta. Nani alichukua nini, sikujua. Ndiyo maana nilipoulizwa habari ya cherehani nilijibu vile.

"Nani aliamua jambo hili?" wakili aliuliza.

"Tulisali kwanza."

Alivua miwani. "Na baada ya sala?"

"Wakabeba."

Aliifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniambia, bila ukali, kwamba wema wetu wote huo mbele ya hakimu una sura ya watu waliokula njama kuficha mali ya marehemu, na kwamba hata ndugu wa mke wangu hawakuja na lori. Lori lilikuwa sisi. Akanitaka nirudishe kila kijiko. Na nimweleze binti mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajaelezwa na mwingine. Nilimuuliza kama nitafungwa. Akasema, kwa leo hapana.

Nilimpigia binti nikiwa bado kwenye ngazi za ukumbi. Nilieleza vibaya. Nilianzia kwenye godoro, nikaruka kwenye lori, nikarudi kwenye sala, na nikasikia nyuma yake mtoto mchanga analia na mtu anamwita. Akasema, "Fundi, niko kazini. Kama vitu vipo, viwepo nitakapokuja." Nikabaki najiuliza hiyo ni ahadi au ni onyo.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Dada Mkubwa. Nyumba yake iko mwisho wa kichochoro, na kabla sijafika nilisikia cherehani. Sauti ile naijua. Gurudumu lake lina kigugumizi, linagonga kila likizunguka, na miaka yote nililala nikiisikia kama mtu mwingine anavyosikia mvua juu ya bati. Kwa kitambo kidogo nilisahau kabisa kwamba mke wangu amefariki.

Nilipogonga, sauti ilikatika. Dada Mkubwa alifungua mlango upana wa uso wake. Nilimwambia alichosema wakili, kwamba vitu virudi.

"Ili waje wakufukuze vizuri?" alisema. "Shemeji, sikiliza. Nyumba ni ya mama yake yule binti. Wewe, kama mtaa mzima unavyosema, uliingia pale na mkoba wa vifaa, na kwa mkoba huohuo utatolewa. Sisi tunakulinda, wewe unakwenda kujikabidhi."

Nikamuuliza, ile sauti niliyoisikia ni ya nini.

"Sauti gani?"

"Ya cherehani."

"Shemeji, umefiwa juzi tu. Kapumzike."

Akafunga mlango taratibu, kama anavyofungiwa mgonjwa. Nilisimama kichochoroni nikitega sikio. Hakukuwa na kitu ila redio ya jirani. Nilirudi nyumbani sina hakika na masikio yangu mwenyewe, na siku hizo sikuwa na hakika na mambo mengine mengi pia, kwa hiyo nililipanga na hayo mengine.

Siku ya kikundi nilisimama baada ya sala nikawaomba wote warudishe vitu. Fundi viatu, ambaye hukaa mstari wa mbele, aliuliza kama nimewaita wezi mbele za Mungu. Nikasema nimewaita watunzaji. Mwingine akasema mtunzaji haharakishwi. Mama mmoja wa nyuma akaanza kulia, nami nikajikuta namwomba radhi kwa kuwa na msiba. Dada Mkubwa aliangalia mikono yake, na niliona kidole chake cha shahada kimechomwachomwa na sindano, lakini sikuelewa nilichokiona. Tukalisalia jambo lile tena, safari hii kwa sauti za chini, na tukatawanyika bila kuagana vizuri.

Wiki zikapita. Nilijaza fomu ya kuomba usimamizi kama wakili alivyonielekeza, maana alisema bila msimamizi hakuna kitakachokwisha. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa mahakama, nikaenda kulisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo. Jina la mke wangu lilikuwa limefuatwa na neno marehemu. Nililisoma mara nyingi, nikidhani labda nimekosea, maana kusoma nimejifunza juzi.

Vitu vilirudi Jumamosi moja, siku moja kabla ya binti kufika, baada ya habari kwamba anakuja kuenea mtaani. Vilikuja asubuhi nzima, vichwani, mabegani, kwenye baiskeli. Kabati lilirudi. Saa ya ukutani ilirudi, na baada yake ikaja saa ya ukutani nyingine, ikionyesha wakati tofauti. Viti vilirudi vikapita idadi ninayoikumbuka. Ikaja pasi, nikaiweka mezani. Ikaja pasi ya pili. Fundi viatu akaleta ya tatu na kuikabidhi kwangu kwa mikono miwili, uso mkavu, kama anayelipa faini. Ikaja beseni ya kuogeshea mtoto. Ikaja stuli yenye miguu miwili. Mchana haujafika, sebule ilikuwa imejaa kiasi kwamba nilipita kwa ubavu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Wale ambao hawakuchukua kitu wakati wa msiba waliona wenzao wanapita na mizigo, wakaogopa kwamba atakayekuja mkono mtupu ndiye ataonekana amekula cha marehemu. Basi kila mmoja aliingia ndani kwake akachukua chochote, akaleta. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kuwa mwema. Ila mwenye stuli; huyo nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuitupa.

Lakini Jumamosi ile sikujua hayo. Niliona tu kwamba mke wangu amekuwa tajiri. Nilizunguka kati ya vitu vyake nikijaribu kukumbuka, na kila nilichokishika kilikuwa chake na hakikuwa chake. Nimekula kwenye sahani zake miaka mingi. Ungeniuliza bomba la jikoni lina kipenyo gani ningekujibu nikiwa usingizini. Ukiniuliza sahani ni za rangi gani, mpaka nizitazame. Cherehani haikuwemo. Hilo peke yake nililijua.

Binti alifika Jumapili alasiri na begi moja. Alisimama pale pale mlangoni alipokuwa akisimama zamani, akatazama ndani kwa muda.

"Fundi, hii ni nyumba au mnada?"

Nikamwambia vyote ni vya mama yake, isipokuwa labda vingine.

Aliweka begi chini, akaingia. Hakunisalimia zaidi ya hapo. Alianza kupita katikati ya vitu akivigusa kwa ncha ya vidole, akisema taratibu: hiki cha mama; hiki si cha mama; hiki si cha mama; hiki cha mama, na alama hii niliitia mimi kwa uma. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ya mtu anayehesabu mapigo ya moyo. Nilimfuata nyuma nikihamisha vya watu upande wa dirisha na vya mama yake upande wa ukuta. Tulipofika mezani, kwenye pasi tatu zilizopangwa kama wagombea wa uchaguzi, alisimama.

"Ipi?" aliniuliza.

Nilizitazama. Nilimwomba Mungu anionyeshe. Nikanyoosha kidole kwenye ile iliyong'aa zaidi, maana mke wangu alikuwa msafi.

Binti aliinua ile ya mwisho, akanipa waya wake. Katikati ya waya kulikuwa na kiraka kinene cheupe.

"Huu ni utepe wako wa mabomba," alisema. "Pasi hii uliifunga wewe. Mama alisema siku moja itamrusha mpaka kwa jirani, na akaendelea kuitumia kwa sababu umeitengeneza wewe. Na huijui?"

Akacheka. Alicheka kama mama yake, kwa kuinamia meza. Mimi pia nikaanza kucheka, halafu nikaona mabega yake hayachezi tena kwa kicheko, nikanyamaza, nikasimama pale na waya mkononi.

Alipojifuta uso aliuliza tena lile la kwanza. "Cherehani?"

"Niliisikia," nikasema. "Lakini niliambiwa sikuisikia."

Alinitazama namna wanavyotazama mgonjwa anayedai amepona. Nafikiri kama ningesema uongo mzuri angeniamini zaidi. Akachukua begi lake, akasema atalala kwa mama yake mdogo, tutaonana mahakamani asubuhi.

Jioni hiyo nilikwenda tena kichochoroni. Sikuomba cherehani. Nilimwambia Dada Mkubwa kupitia mlango uliofungwa kwamba kesho nitaulizwa mbele ya hakimu, na nikiulizwa nitasema nilisikia sauti, kwa kuwa sina kingine cha kusema. Nilisikia pumzi yake upande wa pili wa mbao.

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo kuliko nilivyoogopa. Kulikuwa na feni iliyozunguka bila kutoa upepo, benchi mbili, na bomba la maji nyuma ya kabati ambalo mtu alilifunga ovyo. Lilikuwa linadondosha tone, na kila tone lilinivuta macho. Wakili wangu bado alikuwa na mafua. Karani aliita jina la mke wangu. Sikuitika, nikidhani ataitika mwenyewe. Wakili akanigusa kiwiko.

Hakimu alimtaka mwenye pingamizi aeleze. Binti alisimama. Alisema hakuja kusema kwamba mimi ni mwizi. Alikuja kusema kwamba hajui. Alisema mama yake alimwahidi cherehani ile tangu akiwa mdogo, kwamba ndiyo iliyomsomesha, na mtu anayetaka kukabidhiwa kila alichoacha mama yake hawezi kusema kitu kimoja kile kiko wapi.

"Mheshimiwa, namwomba ajibu hilo tu," alisema. "Akijibu hilo, mimi sina neno."

Hakimu akanigeukia. Nilisimama. Nikitaja jina la Dada Mkubwa, nimemwita mwizi mtu aliyemwosha mke wangu alipokuwa hajiwezi. Nisipotaja, basi mwizi ni mimi. Nilifumba macho nikamwomba Mungu neno moja, na nililopewa ni lile lile la jana.

"Mheshimiwa, sijui. Ila niliisikia."

Watu wa benchi ya nyuma wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliniuliza niliisikia ikisema nini. Nikajibu ilikuwa inashona. Binti aliinamisha kichwa, na niliona wazi kwamba hapo nimempoteza.

Basi ndipo tukasikia magurudumu kwenye korido, na karani aliyekuwa mlangoni akimwambia mtu kwamba hapa ni mahakama, mkokoteni hauingii. Sauti ya Dada Mkubwa ikajibu kwamba mkokoteni utabaki nje, lakini yeye ataingia. Akaingia. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama siku ya mazishi, na mikononi alibeba furushi la mapazia. Nyuma yake, kupitia mlango, niliona cherehani imefungwa kamba juu ya mkokoteni, gurudumu lake limetazama juu.

Hakimu alimruhusu aseme. Yeye ambaye husali kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu, sasa alizungumza chini chini mpaka karani akasogea kumsikia. Alisema alipoifungua cherehani kwake alikuta chini yake vitambaa vya wateja, vingine vimekatwa, vingine vimepimwa tu. Hakutaka rafiki yake aondoke na kazi za watu hazijaisha. Akaamua azimalize kimyakimya, halafu arudishe cherehani pamoja na kazi safi. Lakini yeye si fundi. Pazia la kwanza aliliharibu. Akalifumua, akaliharibu tena. Kila siku alisema kesho nitarudisha, na kila siku lilizidi kuwa baya. Nilipogonga mlango aliona aibu, akanidanganya.

"Nilimwambia mwenye msiba kwamba anasikia sauti," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma kuliko pazia."

Binti alinyoosha mkono akalipokea lile pazia. Alilikunjua mbele ya hakimu, upande mmoja juu, upande mwingine ukaburuta sakafuni. Mshono ulikwenda kama njia ya mlevi. Alilitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri hasira.

"Shangazi," alimwambia Dada Mkubwa, "mama angekufukuza na rula."

"Najua, mwanangu."

"Nitalifumua. Nina likizo mpaka mwisho wa wiki." Akalikunja, akaliweka begani, kisha akaniangalia mimi, na hakuwa na ile sura ya kazini. "Kwa hiyo kweli uliisikia."

"Gurudumu linagonga," nikasema.

"Linagonga," alisema.

Akamgeukia hakimu akaondoa pingamizi. Lakini akaomba kitu kimoja: asiteuliwe mtu mmoja, tuteuliwe wawili, yeye na mimi, kwa sababu yeye anavijua vitu vya mama yake na mimi ninaijua nyumba. Wakili wangu alipiga chafya akasema hana pingamizi. Hakimu aliandika, akaweka kalamu, akasema kabla hajatusainisha anataka kusikia kwa mdomo wangu kama nimeelewa kazi yenyewe ni nini.

Sikuwa nimeelewa yote. Sijaelewa yote mpaka sasa. Nilimwambia hivyo. Kisha nikasema nilichoshika: kwamba tutakusanya vyote vya marehemu na kuwarudishia watu vyao, pamoja na pasi mbili, kwamba tutamaliza kazi za wateja, kwamba kitakachobaki kitagawiwa kwa haki, nasi tutarudi hapa kueleza tulichofanya, na kwamba sitahamisha hata kijiko kabla sijamuuliza binti yangu.

Karani aliinua kichwa akarekebisha: binti wa mke. Nikamwambia aandike anavyojua.

Hakimu akamuuliza binti kama naye ana la kuahidi. Alisimama tena, pazia bado begani, akatutazama mmoja mmoja: wakili na leso yake, karani na kalamu yake, Dada Mkubwa aliyeegemea mlango. Lile bomba nyuma ya kabati likadondosha tone, na mimi, Mungu anisamehe, nikageuka kulitazama. Yeye akaniona nikigeuka.

"Ninaahidi mbele yenu wote," alisema. "Nyumba ya mama haitauzwa huyu akiwa hai, wala hataambiwa na mtu kwamba aliingia na mkoba. Atakaa pale. Na koki ya jikoni ikivuja, hata nikiwa mji wa mbali, nitakayempigia ni Fundi."